Ngoro Isiachwe Kabatini

Msomaji wetu wa Unguja au Pemba akisikia jina la Mapera hufikiria tunda. Mapera tunayoizungumza leo ni kata ya Wilaya ya Mbinga, katika milima ya Umatengo, jirani na Wilaya ya Nyasa iliyomegwa kutoka Mbinga mwaka 2012. Katika milima hiyo mteremko ndio shamba, na shamba limetobolewa mashimo mfano wa sega la nyuki. Mashimo hayo huitwa ngoro, nayo ndiyo yaliyotushikisha kalamu.

Mwezi Machi, mvua zikielekea ukingoni, wanaume hufyeka nyasi na kuzilaza kwa safu zinazokatana, hata zikafanya miraba. Kisha wanawake huchimba udongo wa katikati ya kila mraba na kuzifukia nyasi hizo, likabaki shimo lililozungukwa na matuta. Juu ya matuta hupandwa maharage, na mvua za mwisho wa mwaka zinapoanza hupandwa mahindi. Maji hunaswa shimoni badala ya kuporomoka na udongo, nazo nyasi huoza zikawa mbolea. Hakuna saruji wala mashine. Wamatengo waliibuni hikima hii katika karne ya 19, pale vita vya Wangoni vilipowasukuma wengi kukaa pamoja katika ardhi finyu ya milimani.

Si kweli kwamba wakubwa hawakuijua. Mwaka 1938 ofisa wa kikoloni, Bwana Pike, aliieleza katika jarida la Tanganyika Notes and Records. Hata hivyo, serikali yake ilipotaka kuzuia mmomonyoko huko Uluguru miaka ya 1950, haikuwauliza wakulima wanajua nini. Iliwalazimisha kuchimba makinga maji kwa amri, na Julai 1955 ghasia zikazuka. Nasi baada ya Uhuru hatukuwa wasikivu kiasi tulichopaswa kuwa. Tulihubiri kujitegemea, huku aghalabu tukimpelekea mkulima mfuko wa mbolea ya dukani na somo lililoandikwa kwa ajili ya ardhi tambarare. Lawama hiyo tunaipokea, maana tulikuwamo.

Katika miaka ya 1990 jalada lilifunguliwa. Wataalamu wa Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo na wenzao wa Japani walikwenda Mbinga kuichunguza ngoro, wakakuta kwamba huzuia mmomonyoko na kutunza rutuba. Kubwa zaidi kwetu ni lililotokea katika kijiji cha Kindimba. Wanakijiji walipopata mashine ya kusaga inayoendeshwa kwa nguvu ya maji, kamati ya kuisimamia waliipa jina la Sengu, yaani baraza la zamani ambamo watu wa ukoo walikula pamoja na kuamua mambo yao. Desturi iliyokuwa imesahauliwa ikawa chombo cha kuendeshea biashara mpya. Wala hawakuletewa kanuni kutoka mjini.

Serikali yenyewe imekwisha kuthibitisha kuwa fikra kuukuu si lazima iwe mfu. Uamuzi wa kuhamia Dodoma ulifanywa mwaka 1973, ukasuasua, ukapewa nguvu tena mwaka 2016. Umeme wa maporomoko ya Rufiji, uliofikiriwa zama za Mwalimu, ulikaa kabatini miongo kadhaa kabla ya kujengwa bwawa la megawati 2,115. Tunachohoji ni kwa nini macho yetu huona majalada makubwa tu, ilhali yale madogo, yasiyohitaji mkopo, huachwa kwa watafiti.

Hatusemi ngoro irudishwe kama ilivyokuwa. Kazi yake ni nzito, na sehemu kubwa imewaelemea akina mama. Vijana wanaikwepa, na kahawa, iliyoingia milimani humo miaka ya 1920, inataka ardhi na mikono. Anayeisifu ngoro bila kushika jembe ana sifa za bure. Kwa hiyo tunawaomba maofisa wa kilimo waketi na wanawake wa Mapera wawaulize ni kazi ipi ipunguzwe, kwa zana gani, na wanaume wabebe ipi. Vyama vya ushirika, vilivyovunjwa mwaka 1976 na kurudishwa kwa sheria ya mwaka 1982, vitafute soko la maharage ya ngoro kama vinavyoliangalia lile la kahawa. Kihamba cha Shimbwe Juu, Kilimanjaro, kilitambuliwa mwaka 2011 na Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa kuwa urithi wa kilimo duniani. Ngoro inastahili heshima hiyo hiyo.

Na ndugu zetu wa Pemba, ambao vilima vyao vya mikarafuu huteremsha udongo kwenye mabonde ya mpunga, wasidhani habari hii ni ya Bara peke yake. Wizara ya Kilimo ya Zanzibar ingeweza kutuma wakulima watatu au wanne Mbinga, wakae huko tangu nyasi zinapofyekwa mpaka maharage yanapovunwa. Nauli yao haizidi gharama ya semina moja ya hotelini.