Daftari la kompyuta lisiombe bando

Ukiniuliza uweke programu gani ya kuandikia kumbukumbu kwenye kompyuta yako ya mezani, nitakuuliza kwanza kompyuta yenyewe umeitoa wapi. Hapa Maili Moja, Kibaha, nilikofungua steshenari, nyingi zinazopita mezani kwangu ni za mtumba. Zimetumika maofisini Ulaya au Dubai, zikachoka, zikauzwa Kariakoo, zikapandishwa basi la Mlandizi. RAM gigabaiti 4, mara nyingine 2, na diski ni ile ya kuzunguka, unaisikia ikikwaruza. Sizidharau. Zinachapa barua, zinaprinti, na kwa ofisi ya serikali ya mtaa au kikoba zinatosha kabisa. Zinaanza kuonekana mbovu pale kijana mwenye nia njema anapomshauri mwenye mashine apakue programu ya kisasa.

Nyingi ya hizo za kisasa zimejengwa juu ya kitu kinachoitwa Electron, na Electron imebeba ndani yake Chromium, injini ile ile inayoendesha kivinjari cha Chrome. Notion, Joplin na Obsidian zote ziko hivyo. Mama katibu akitaka kuandika tu "Hisa tano, faini elfu moja, kachelewa", kompyuta inalazimika kuamsha kivinjari kizima kwa ajili ya mstari mmoja. Kwenye mashine mpya huoni tofauti. Kwenye hii yetu kipanya kinaganda, feni inapiga kelele, na fundi anaitwa aje abadilishe kitu ambacho hakijaharibika.

Msimamo wangu ni huu: kwa kazi ya kumbukumbu chagua programu inayoandika maandishi matupu, faili likae kwenye diski yako, na lifunguke bila kuomba bando wala ruhusa ya mtu. Wepesi ni nusu tu ya hoja. Nusu nyingine ni nani atabaki na maandishi siku programu ikifa.

Msimu wa korosho uliopita alinijia mzee mmoja, katibu wa chama cha msingi cha wakulima upande wa Maneromango, wilayani Kisarawe. Alikuja na bodaboda hadi Mlandizi, kisha basi hadi kwangu, sipiyu kaifunga kwa kanga, kaunta buku kwapani.

"Shikamoo baba."

"Marahaba mwanangu. Niwashie hii, mihtasari yetu yote imo ndani."

Haikuwemo. Mihtasari ya vikao ilikuwa kwenye programu ya mtandaoni. Programu ikataka namba ya uthibitisho, namba ikatumwa kwenye simu ya katibu aliyepita, na huyo alikwisha kuhamia Kilwa na laini kaitupa. Tulihangaika mpaka tukakata tamaa. Mwisho mzee akafungua kaunta buku, akalamba kidole, akafunua moja kwa moja mpaka kikao cha kugawa magunia, sahihi za wajumbe zimejipanga chini na duara la kikombe cha chai pembeni. Daftari lile halikumuuliza paswedi.

Nilimfungulia Notepad. Programu hii imo ndani ya Windows tangu toleo la kwanza la mwaka 1985, hailipiwi, haipakuliwi, na wengi wanaijua kwa sura tu. Nikamwonyesha jambo ninalowaonyesha wateja wote. Kwenye mstari wa kwanza andika nukta na neno LOG kwa herufi kubwa, yaani .LOG, bila kitu kingine. Sevu, funga, fungua tena. Notepad yenyewe inaandika saa na tarehe chini ya maandishi na kukusubiri hapo uendelee. Ukitaka saa katikati ya kikao, bonyeza F5. Mzee akasoma kwenye kioo kwamba ni 10:14, akacheka: "Saa kumi? Saa kumi nilikuwa bado kitandani!" Nikamwambia mashine inahesabu saa za kizungu, hiyo ni saa nne yetu. Akaandika kwa kidole kimoja magunia yaliyopokelewa ghalani na yaliyorudishwa kwa unyevu. Hakunihitaji tena.

Kiswahili chenyewe kinakubaliana vizuri sana na maandishi matupu, jambo ambalo Mfaransa au Mvietnamu hana. Herufi zetu hazivai vikofia wala hazibebi alama juu, na ile ng' inatosheka na ritifaa ambayo ipo kwenye kila kibodi. Kila herufi inachukua baiti moja. Ukurasa wenye herufi 2,000 ni kilobaiti 2, wakati faili la Word ukilisevu bila kuandika hata neno linakuwa na kilobaiti kumi na kadhaa. Flashi ya gigabaiti 8 inaweza kubeba zaidi ya kurasa milioni 3 za namna hiyo. Sijui chama cha msingi chenye maneno mengi kiasi hicho, ingawa vipo vinavyojitahidi.

Wapo wanaoniambia, mama, weka mtandaoni, huko ndiko salama. Tarehe 12 Mei 2024 nyaya za chini ya bahari za EASSy na Seacom zilipata hitilafu, na Tanzania ikawa miongoni mwa nchi zilizoathirika zaidi. Tarehe 29 Oktoba 2025, siku ya uchaguzi mkuu, intaneti ilizimwa nchini, na ikachukua siku kadhaa kurudi. Siku za namna hiyo mwenye faili kwenye diski yake anaendelea na kazi. Na usidhani kila programu imejiandaa kwa hali hiyo: Notion, pamoja na umaarufu wake, iliweka utaratibu wa kufanya kazi bila mtandao Agosti 2025.

Halafu kuna wenye programu, ambao nao wana mambo yao. Evernote ilipendwa sana kwa miaka mingi. Ikanunuliwa na Bending Spoons, kampuni ya Italia, na Desemba 2023 watumiaji wa bure wakawekewa kikomo cha kumbukumbu 50 na daftari moja. Hawakuvunja sheria yoyote, mali ni yao. WordPad, iliyokuwemo ndani ya Windows tangu 1995, Microsoft imeiondoa kabisa kwenye toleo la Windows 11 la mwaka 2024. Aliyezoea aliamka asubuhi haipo.

Kwetu pia tuna mfano, na huu ndio unaonipa moyo. Mwaka 2004 wataalamu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kupitia mradi wa Kilinux, walitoa Jambo OpenOffice, programu ya ofisi yenye menyu za Kiswahili. Kijana wa leo hajawahi kuiona. Lakini aliyeandika kitu ndani yake mwaka ule hajakipoteza, kwa sababu faili zake zilikuwa za muundo wa wazi, na LibreOffice ya leo, ambayo ni ya bure, inazifungua. Programu imeondoka, maandishi yamebaki. Hicho ndicho kipimo ninachotaka watu wakitumie, badala ya rangi za vitufe.

Notepad ina upungufu mmoja unaotuuma hasa sisi wa Pwani: umeme. Ile ya Windows 10 na za nyuma yake, umeme ukikatika kabla hujasevu, imekwenda na maneno yako. Ya Windows 11 tangu 2023 inakumbuka ulichokuwa unaandika, lakini mashine nyingi za mtumba haziwezi kubeba Windows 11 kwa masharti yake. (Hiyo Notepad mpya nayo imeanza kujazwa akili mnemba, sijui nani aliiomba.) Kwa hiyo mimi kwenye kompyuta ya dukani nimeweka Notepad++. Ilianzishwa na Don Ho mwaka 2003, ni ya bure, faili la kuisakinishia halifiki megabaiti 10, na bila kuigusa inajiwekea akiba ya unachoandika kila sekunde 7. TANESCO wakikata na kurudisha, unaifungua na sentensi yako ipo pale ilipokatikia. Tena inatafuta jina ndani ya mafaili yote ya folda kwa mkupuo mmoja. Mwanakikundi akibisha kwamba hakuwahi kukopa, andika jina lake, na kila kikao alichotajwa kinajitokeza.

Maandishi matupu hayafanyi kila kitu. Hayapokei picha ya risiti, na hesabu za marejesho ziwekwe kwenye Excel au Calc ya LibreOffice, ndiko kwao. Mwenye gigabaiti 8 za RAM na anayependa kuunganisha kumbukumbu zake kwa viungo achukue Obsidian bila wasiwasi, maana chini yake kuna mafaili ya maandishi yale yale ambayo hata Notepad inayafungua. Aliyehamia Linux Mint kwa sababu Windows 10 ilimaliza muda wa matengenezo Oktoba 2025 atayafungua kwa Xed iliyomo humo.

Fundi wa jirani yangu ananipinga kwa hoja nzito kuliko zote: mwizi akibeba sipiyu, maandishi matupu yanaondoka naye. Kweli. Lakini dawa yake ni nakala. Faili likiwa lako unaweza kulipandisha mwenyewe mtandaoni, ukalituma kwa barua pepe, ukaliweka kwenye flashi. Ila uangalie unapandisha nini. Orodha ya wadaiwa wa kikoba ina majina na namba za simu za watu, na tangu Mei 2023 tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi inayotumika, yenye masharti hata ya kusafirisha taarifa hizo nje ya nchi. Makatibu wengi ninaowahudumia hawajawahi kuisikia, na wanajaza majina ya wenzao kwenye programu ambazo hawajui kompyuta zake zipo bara gani.

Ndugu msomaji, kabla hujakubali programu yoyote, andika humo mistari miwili, zima mtandao, kisha jaribu kulifungua faili hilo kwa programu nyingine. Likikataa, achana nayo hata kama ni nzuri. Na kama mihtasari ya kikundi chako iko mtandaoni kwa namba ya simu ya mtu mmoja, mtafute wiki hii angali na laini yake, muitoe yote, muiweke kwenye flashi mbili, moja ikae kwa katibu na nyingine kwa mweka hazina.