Alama za Saa: Chapa au Pambo?

Wako watu wanaoamini kwamba uzuri wa kitu ni mng'ao wake. Watu hao wakishika saa ya mkono hutazama alama za uso wake: zikiwa ni vipande vya madini vilivyobandikwa, huisifu, zikiwa zimepigwa chapa kwa wino, huidharau na kuiita saa ya maskini. Hukumu hiyo ni mbovu, na mwanafunzi aendaye na fedha zake chache kununua saa katika soko la Daraja Mbili, mjini Kisii, asikubali kuongozwa nayo.

Tuzitendee haki kwanza alama za kubandika. Fundi hodari hukata kipande cha madini, hukisugua kikang'aa, kisha hupenyeza vijiguu vyake katika matundu ya uso wa saa na kuvikaza kwa nyuma. Kazi hii ina thamani, na mwanga ukiipiga hupendeza. Lakini haipatikani kwa bei ndogo. Katika saa rahisi kipande hicho aghalabu hugandishwa kwa gundi tu. Kikibanduka hutangatanga ndani ya kioo, na huweza kuzizuia akrabu zisiende. Hapo pambo limekuwa adui wa saa.

Chapa nayo ina ufundi wake. Alama huchorwa katika bamba la chuma, na michoro yake hutiwa wino. Kisha mto laini huuokota wino ule na kuukandamiza juu ya uso wa saa. Hutokea mstari mwembamba kama unywele, ulionyooka, usiojidai kuwa dhahabu.

Je, wenye kazi za hatari walichagua nini? Mwaka 1891 magari ya moshi mawili yaligongana huko Kipton, katika jimbo la Ohio, Marekani, na watu wakafa. Kanuni za saa za reli zilizofuata zilidai tarakimu nyeusi, nene, juu ya uso mweupe. Hazikudai vimetameta. Zilitaka dereva atupe jicho mara moja na kuijua dakika.

Labda utanipinga ukisema: sisi tuhesabuo kwa Kiswahili husoma saa moja akrabu fupi ielekeapo 7; basi tarakimu zina faida gani kwetu? Ni kweli, mstari mtupu hututosha. Lakini mstari nao hupigwa chapa, wala hauhitaji gundi.

Wala usidhani kwamba uzuri hauwezi kuwapo pasipo kubandika. Katika nchi hiyo hiyo ya Kisii, huko Tabaka, wachongaji wa jiwe la sabuni hulipaka jiwe rangi, kisha huikwaruza rangi ile mpaka weupe wa jiwe utokeze kwa umbo la ua au mnyama. Hawakubandika kitu, na kazi yao imevuka bahari.

Basi, msomaji, wahenga walisema kwamba chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Muuzaji akikusifia mng'ao, nyosha mkono wako na uisome saa hiyo kwa mbali. Ukiiona saa ni ngapi upesi, uliza bei. Ukiona mng'ao kabla ya kuona wakati, irudishe mahali pake.