Utawala wa Watu Hauletwi na Mgeni

Wako watu wanaoamini kwamba demokrasia ni bidhaa: nchi iliyo nayo yaweza kuipakia melini, ikibidi pamoja na mizinga, na kuishusha katika nchi isiyo nayo. Imani hiyo haina msingi, na ushahidi wake haupo mbali. Upo katika milima ya Vidunda, wilayani Kilosa.

Wavidunda huhesabu ukoo kwa upande wa mama. Uongozi wao wa zamani ulishikamana na ukoo na ardhi. Haukuwa mkamilifu, lakini kiongozi alitoka miongoni mwa watu waliomjua. Wajerumani walipojenga boma Kilosa waliwaweka juu ya wenyeji maakida, wengi wao watu wa pwani, ambao kazi yao ilikuwa kukusanya kodi na kutoa watu wa kufanya kazi. Waingereza nao, kwa sheria ya mwaka 1926, walidai kuwa wanaurudisha utawala wa jadi. Lakini mtawala huyo wa jadi alipata idhini kwa Serikali ya kikoloni, nayo ndiyo iliyoweza kumwondoa. Ama akida, ama mtemi wa Waingereza, wote waliwajibika kwa waliokuwa juu yao, si kwa wananchi.

Mpinzani atasema kwamba, hata hivyo, sanduku la kura lililetwa na Mwingereza. Na tulitazame basi sanduku hilo. Katika uchaguzi wa Baraza la Kutunga Sheria wa mwaka 1958 na 1959, mpiga kura alitakiwa awe na kipato cha pauni 150 kwa mwaka, au elimu, au wadhifa fulani. Tena alilazimishwa kuchagua watu watatu: Mwafrika, Mzungu na Mwasia. Walioandikishwa hawakufika 100,000, katika nchi yenye watu zaidi ya milioni 8. Mkulima wa Vidunda mwenye jembe na akili timamu hakuhesabiwa. Mpango huo ulivunjwa na wananchi wenyewe, TANU ilipoamua mjini Tabora, Januari 1958, kuingia katika uchaguzi huo. Jimbo la Mashariki, ambalo Kilosa ilikuwa sehemu yake, likamchagua Julius Nyerere. Sanduku lilikuwa la mgeni. Sauti ilikuwa ya wenyeji.

Nchi yetu nayo imewahi kusimama upande wa pili. Idi Amin alipoivamia Kagera mwaka 1978, majeshi yetu yalimfukuza, yakaingia Kampala Aprili 1979. Vita vile vilikuwa vya haki. Lakini kumwondoa dhalimu ni jambo moja, na kusimamisha utawala wa watu ni jambo jingine. Yusuf Lule alidumu siku 68. Godfrey Binaisa akaondolewa Mei 1980. Matokeo ya uchaguzi wa Desemba 1980 yakapingwa, na Februari 1981 vita vya msituni vikaanza. Jirani aweza kukusaidia kumtoa nyoka nyumbani. Hawezi kukupangia maisha ya nyumba hiyo.

Hata hivyo, hoja hii isigeuzwe ngao ya madhalimu. Mtawala anayewanyima watu wake sauti, akisema kwamba demokrasia ni mila ya kigeni, amekalia kiti kile kile cha mkoloni. Ikiwa mgeni hawezi kutujengea utawala wa watu, basi wajibu wa kuujenga ni wetu, wala hatuna wa kumsingizia tukishindwa.

Sheria ya mwaka 1982 inautambua mkutano mkuu wa kijiji, yaani watu wazima wote wa kijiji, kuwa chombo chenye mamlaka ya juu kijijini. Hapo ndipo pa kupimia. Mwanamke wa Vidunda akisimama mkutanoni, akauliza fedha za kijiji zimetumikaje, akajibiwa kwa hesabu bila ya kutishwa, demokrasia ipo. Akinyamazishwa, haipo, hata kama masanduku ya kura yamejaa ghalani.