Punda Aliyetubeba Asiuzwe kwa Mpita Njia



Wahenga walisema asante ya punda ni mateke. Methali hiyo tumeizoea mno, hata hatujiulizi swali la upande wa pili: asante ya mwenye punda ni nini? Nauliza kwa sababu huku kwetu Runzewe, na katika vijiji vingi kuanzia Bukombe hadi Kahama na Shinyanga, kaya nyingi zimefika mahali ambapo punda hawezi kukaa tena. Vijana waliokuwa wakimchunga wamekwenda machimboni. Maeneo ya malisho yamepimwa kuwa viwanja. Mwenye uwezo ananunua guta la injini, ambalo halili majani wala halihitaji kulindwa na fisi usiku. Mzee anabaki na punda wawili, magoti mabovu, na ada ya mjukuu inayodaiwa shuleni.

Katika nchi nyingine watu huhangaika hivihivi na farasi. Sisi farasi hatuna, mbung'o wa mapori yetu hawamvumilii. Mnyama wetu wa mgongo ni punda, na anapotushinda kumtunza tuna njia moja tuliyoizoea: kumpeleka mnadani, au kumkabidhi mtu anayepita na pikipiki akiuliza nani ana punda anayeuzwa. Fedha zinahesabiwa, kamba inabadili mkono, basi. Hakuna anayeuliza punda anakwenda wapi.

Mimi nasema swali hilo tunapaswa kuliuliza, na kwamba anayeuza punda aliyemtumikia miaka 10 ana wajibu wa kujua kamba anampa nani.

Kwanza kuna sababu ya wazi kabisa. Uchina kuna dawa ya asili iitwayo ejiao, inayotengenezwa kwa kuchemsha ngozi za punda. Mahitaji yake yalipokuwa makubwa kuliko punda wa Uchina yenyewe, wanunuzi walihamia Afrika. Shinyanga na Dodoma palikuwa na machinjio ya punda yenye vibali. Desemba 2021 serikali yetu ilisimamisha uchinjaji huo kwa miaka 10, na Februari 2024 viongozi wa Umoja wa Afrika, wakiwa Addis Ababa, walikubaliana kuizuia biashara ya ngozi za punda katika bara zima. Sababu yake ni hesabu rahisi. Punda jike hubeba mimba kwa takriban mwaka mzima na huzaa mtoto mmoja. Huwezi kumchinja kama kuku ukategemea kesho watakuwapo wengine. Lakini marufuku ni ya karatasi pale ambapo mnunuzi anakuja jioni, hataki barua ya mtendaji wa kijiji, hajali kibali cha kusafirisha mifugo, wala haulizi kama punda anajua kuvuta mkokoteni. Mtu asiyejali kazi ya punda anataka nini kwake? Jibu analijua hata mtoto.

Sababu ya pili ni ya ndani zaidi, na hapa naomba msomaji aniruhusu niingie kidogo katika yale tunayosoma darasani. Plutarch, mwandishi wa kale, alipoandika maisha ya Cato Mzee wa Roma, alisimulia kwamba Cato alimwacha Hispania farasi aliyempanda vitani, ili kuiokolea serikali gharama ya kumsafirisha. Cato alijivunia jambo hilo kama ubanaji matumizi. Plutarch hakukubali. Alisema yeye asingemuuza hata ng'ombe wa kulimia kwa sababu tu amezeeka. Akaongeza habari ya Waathene: walipojenga hekalu lao kuu, nyumbu waliofanya kazi sana waliachiwa huru wale watakako, na mmoja wao alirudi mwenyewe kutembea mbele ya wenzake waliokuwa wakivuta mizigo, kama anayewaongoza. Mji ukaamua alishwe kwa gharama ya umma hadi kufa kwake.

Mtakatifu Thomas wa Akwino na, karne nyingi baadaye, Immanuel Kant, walieleza jambo hili kwa namna inayokaribiana: anayezoea ukatili kwa mnyama ataufikisha kwa binadamu. Kant alisema hata mbwa aliyetumika kwa uaminifu atunzwe hadi afe. Nakubali, lakini naona hoja hiyo inaishia njiani. Inamfanya punda kuwa uwanja wa mazoezi ya wema wetu, kana kwamba yeye mwenyewe hatudai chochote. Msomaji afungue Hesabu sura ya 22. Punda wa Balaamu anapofunguliwa kinywa, haombi huruma. Anamkumbusha bwana wake historia: si mimi uliyenipanda miaka yote, niliwahi kukutendea hivi? Na Balaamu analazimika kujibu kwamba hapana. Hiyo ni lugha ya mtu anayedai haki yake, na Maandiko hayakumcheka. Katekisimu ya Kanisa Katoliki nayo, namba 2416, inasema kwamba wanyama wanastahili wema wetu, ikitutajia Mt. Fransisko wa Assisi na Mt. Filipo Neri.

Kuna mzee mmoja wa kigango chetu aliyenifundisha upande wa vitendo. Alikuwa na majike wawili, mama na binti. Nilipokuwa likizo nilimkuta anakataa bei nono ya mgeni mmoja. Nikamuuliza kwa nini, naye ana shida ya fedha. Akanijibu: "Frateri, huyu ameniuliza uzito tu. Hakuniuliza jina."

Wiki hiyohiyo walikuja mke na mume wa kijiji cha pili, wenye shamba la mpunga. Mzee hakuwauliza wana shilingi ngapi. Aliwauliza punda atalala wapi, maana fisi wapo. Nani atamwendesha, mtu mzima au watoto wenye fimbo. Na safari ngapi kwa siku. Kisha akafunga safari kwenda kuangalia punda dume waliyekuwa naye. Alimpapasa mgongo kutafuta vidonda vya shogi, akamwinua mguu kutazama kwato, akaangalia kama kamba imemchubua. Barua ya uthibitisho wa tabia ya mwenye punda, alisema, imeandikwa mgongoni mwa punda wake. Sijasikia mhadhara mzuri kuliko huo kuhusu kumjua mtu kwa matendo yake.

Sharti lake la mwisho lilikuwa kwamba mama na binti wasitenganishwe. Wengine walimcheka. Hakuwa anabembeleza, alijua mifugo: punda waliozoeana huhuzunika wakitengwa, na mwingine huacha kula hadi augue. Walikubaliana kwa bei ya chini kidogo, nusu fedha taslimu na nusu mpunga wakati wa mavuno, wakaandikishana kwa mtendaji. Siku ya kukabidhi mzee aliwapeleka kwa miguu yeye mwenyewe, akalala huko usiku mmoja ili wasishtuke.

Najua paroko mmoja au katekista ataniambia: "Frateri, watu hawana dawa, wewe unatuhubiria punda." Pingamizi hilo ni la haki, na Katekisimu yenyewe inalijua: namba 2418 inatuonya tusitumie kwa wanyama fedha zinazopaswa kwanza kuondoa taabu za watu. Ndiyo maana simwambii mjane abaki na punda asiyeweza kumlisha. Auze. Akibanwa na ada, auze mapema kabla dhiki haijamfunga mikono, kwa sababu anayeuza leo ili alipe leo hawezi kuchagua mnunuzi. Ninachoomba ni maswali matano na siku moja ya kutembea. Na tusisahau mtu yupo pande zote mbili za kamba hiyo: punda akiishia kwenye ngozi, kuna mama mahali fulani ambaye angempata kwa kazi na sasa anabeba ndoo kichwani.

Kisiwani Lamu, ambako punda ndiye gari la mji, kuna kituo cha punda tangu 1987, wanatibiwa pale. Sisi hatuna kituo. Lakini tuna jumuiya ndogondogo, zinazokutana kila wiki, nyumba kwa nyumba, na zinajua nani ana mgonjwa, nani ana msiba, nani amekosa mbegu. Haitakuwa aibu, baada ya maombi, mtu kusema: nina punda, sina nguvu tena, nani anamhitaji? Jumuiya ikikosa, tangazo lende kigangoni, kisha parokiani. Mnunuzi aliyependekezwa na jirani zake ni tofauti na mpita njia, kwa kuwa kesho utakutana naye Misani na utamuuliza punda anaendeleaje.

Yupo pia punda ambaye hakuna atakayemchukua: mzee mno, kipofu, au aliyevunjika mguu. Kumwachia barabarani ajitafutie, kama tunavyoona karibu na stendi, ni kumfanyia alichofanya Cato, tena bila hata Hispania ya kumwacha. Aitwe mganga wa mifugo, na kama hakuna tiba, amalize mateso yake bila maumivu, mwenyewe akiwapo. Si dhambi, na Kanisa halijawahi kusema ni dhambi.

Oktoba 4 ni sikukuu ya Mt. Fransisko wa Assisi. Parokia zetu zinaweza kuitumia siku hiyo kubariki mifugo, afisa mifugo akaalikwa na dawa za minyoo, na mwenye punda wa kuuza akamleta hapo, mvua za kulimia zikiwa zinakaribia na watu wakitafuta mnyama wa kazi. Katibu wa halmashauri ya walei aweke daftari moja mezani: jina la anayetoa, jina la anayepokea, jina la punda.