Simu ya Kuokota Ina Mwenyewe

Simu iliyosahaulika kwenye kiti cha daladala haichukui muda kabla ya kuanza kuita. Hata hivyo, imani kwamba aliyeokota hakuiba, kwamba hiyo ni riziki yake, imeenea mno, na watu wazima huitamka mbele ya watoto bila haya. Ni imani ya uongo, na inawaumiza watu kila siku.

Kwanza, sheria haiiungi mkono. Kifungu cha 258 cha Kanuni ya Adhabu ya Tanzania, kama kilivyo cha 268 nchini Kenya, humwepusha mwokotaji na kosa la wizi pale tu asipomjua mwenye mali na akiwa na sababu za msingi za kuamini kwamba hawezi kupatikana. Kwa noti iliyookotwa barabarani sharti hilo hutimia kirahisi. Kwa simu, ni nadra. Tanzania ilianza kusajili laini kwa alama za vidole mwaka 2019, na simu iliyofungwa kwa nywila bado inapokelewa ikipigwa. Mtu anayeona neno “Mama” likiwaka kwenye kioo, akakata, akazima, akachomoa laini na kuitupa mtaroni, amekwisha kujua kuwa kuna anayeitafuta. Kuchomoa laini kunamshtaki kuliko hata kuitia simu mfukoni. Fundi anayeletewa simu hiyo aiflashi, naye akakubali bila kuuliza, anashiriki.

Dini inayosingiziwa katika hoja ya riziki nayo inasema kinyume. Fikihi ya Kiislamu ina mlango mzima wa luqata, yaani mali iliyookotwa: mwokotaji azihifadhi alama za kitu, akitangaze mwaka mzima, na mwenyewe akija akazitaja, apewe chake.

Wapo wanaojifariji kuwa aliyepoteza atanunua nyingine. Mama ntilie anayeandika madeni ya wateja kwenye simu hapotezi kifaa tu; anapoteza mtaji. Picha za marehemu ambazo hazikuhifadhiwa kwingine haziuzwi Kariakoo.

Kisingizio kimoja kina uzito: hofu ya kuitwa mwizi. Ni hofu ya kweli, kwa maana wapo waliorudisha simu wakaambulia matusi. Dawa yake ni kurudisha mbele ya watu: simu ichajiwe na kuachwa ikiwa imewashwa, ipokelewe ikiita, kisha ikabidhiwe ofisi ya serikali ya mtaa au kituo cha polisi, na makabidhiano yaandikwe. Anayejitokeza aifungue kwa nywila yake, au alete boksi lenye namba ya IMEI ya tarakimu 15, ilinganishwe na ile inayojitokeza kwa kubonyeza *#06#.

Nauli ya mwokotaji irudishwe, na zawadi ipokelewe ikitolewa kwa hiari. Anayetaja bei kwanza ndipo aitoe simu anadai fidia ya mateka.