Aibu si Dawa

Jirani na Mchafukoge vipo vyuo ambavyo Taifa linavitegemea, kikiwamo Chuo cha Elimu ya Biashara na Taasisi ya Teknolojia ya Dar es Salaam. Kwa ajili ya vijana wa vyuo hivi na vingine, hatuna budi kusema waziwazi jambo ambalo wengi hulinong'ona: magonjwa ya zinaa.

Mwanachuo anayeona dalili mara nyingi haendi hospitali. Huenda Kariakoo, akamnong'oneza muuza dawa, akarudi bwenini na vidonge bila kupimwa. Hiyo si tiba. Mwaka 2016 Shirika la Afya Duniani liliacha kupendekeza siprofloksasini kwa kisonono, kwa kuwa vijidudu vimekwisha kuwa sugu. Kaswende nayo ina hila: kidonda chake cha kwanza hakiumi, na hupona chenyewe, kumbe ugonjwa umejichimbia mwilini. Klamidia huweza kukaa bila dalili huku ikiharibu mirija ya uzazi ya binti. Mficha maradhi, kifo humuumbua.

Taifa letu limekwisha kulipa gharama ya minong'ono. Wagonjwa wa kwanza wa Ukimwi walipogunduliwa Kagera mwaka 1983, wapo waliosema ni uchawi, na wakati ukapotea.

Wengi wetu tulifunzwa madrasa kwamba zinaa ni haramu, wala hatulipingi fundisho hilo. Lakini hatukufunzwa kwamba mgonjwa akaripiwe badala ya kutibiwa. Mwaka 2019 sheria ilirekebishwa, kijana wa miaka 15 akaruhusiwa kupima virusi vya Ukimwi bila ridhaa ya mzazi. Sheria imefungua mlango. Ulimi mkali wa mhudumu usiufunge.

Tunashauri kila chuo kiwe na chumba cha afya chenye faragha, vipimo na mhudumu mwenye kutunza siri. Viongozi wa wanafunzi walidai jambo hili kama wanavyodai mikopo.

Nanyi ndugu wanachuo, anayeweza kusubiri na asubiri; mwenye mwenzi awe mwaminifu, na wote wawili wapimwe; asiyeweza hayo asiache kutumia kondomu. Aliyeugua amalize dawa zote alizoandikiwa, na mwenzake atibiwe pia, la sivyo wataambukizana upya.

Taifa halikuwasomesha vijana wake ili waangamizwe na aibu.