Tusome lugha ya mbwa kabla hajatuuma

Mwaka wa 2014 Kenya ilizindua mkakati wa kukomesha vifo vya binadamu vitokanavyo na kichaa cha mbwa ifikapo mwaka wa 2030. Mkakati huo ulikadiria kwamba watu wapatao 2,000 hufa humu nchini kila mwaka kwa maradhi hayo. Shirika la Afya Duniani nalo hukadiria kwamba kati ya kila watu 100 wanaoumwa na wanyama washukiwao kuwa na kichaa, 40 ni watoto wasiotimiza umri wa miaka 15. Muda unayoyoma, na mjadala wetu umejaa chanjo na fedha, mambo ambayo kwa hakika hayana badala. Hata hivyo, lipo somo lisilogharimu hata senti, nalo ni kumfundisha mtoto kufahamu anachosema mbwa.

Katika Kisii na Nyamira maboma yamesongamana, na vijia vya kwenda shuleni hukatiza kando ya migomba na michai, aghalabu karibu na nyua za watu. Mwanafunzi araukaye alfajiri huweza kukutana na mbwa kabla hajakutana na mwalimu. Waliomlea wamemwambia kwamba esese akitikisa mkia amefurahi. Hapo ndipo hatari ilipo.

Sisi wanaisimu husisitiza kwamba neno halina maana kamili nje ya muktadha wake. Mkia nao ni vivyo hivyo. Charles Darwin, katika kitabu chake cha mwaka wa 1872 kuhusu namna binadamu na wanyama wanavyodhihirisha hisia, alieleza jinsi mbwa mwenye uhasama anavyosimama wima, mkia juu, manyoya ya shingo na mgongo yakisimama, ilhali mbwa mwenye bashasha hujishusha na kuunyumbua mwili wote. Mwaka wa 2007 watafiti wa Italia, Giorgio Vallortigara akiwa mmojawapo, walionyesha kwamba mbwa amwonapo bwana wake mkia huelekea zaidi kulia, na amwonapo mbwa mgeni mwenye ubabe huelekea kushoto. Simtarajii mtoto apime pembe za mkia barabarani! Inatosha ajue kwamba mkia ulioinuka na kukakamaa, ukitikisika kidogo kidogo, si salamu.

Atazame pia masikio yaliyolazwa nyuma, weupe wa jicho unaochomoza pembeni, midomo inayolambwa pasipo chakula, na miayo isiyo ya usingizi. Hizo ni dalili za mbwa mwenye wasiwasi. Mbaya zaidi ni mbwa anayeacha kubweka ghafla akasimama tuli akikodoa macho. Kimya kingi kina mshindo mkuu. Mtoto asikimbie wala kupiga mayowe. Asimame, ashushe mikono, aangalie kando, kisha arudi nyuma polepole. Akiangushwa, ajikunje na kufunika shingo na masikio.

Wako pia wenye mbwa wanaowachapa kila wangurumapo. Ngurumo ni onyo, na mbwa aliyefunzwa kwa fimbo kutoonya huenda akauma bila kuonya.

Walimu wa Kiswahili wana nafasi ya kulifunza jambo hili katika vipindi vya kusikiliza na kuzungumza, wanafunzi wakiigiza ishara hizo na wenzao wakizifasiri.

Lakini sarufi hii yote huvurugika mbwa apatwapo na kichaa. Baadhi yao huuma bila kuchokozwa. Wengine hupooza: taya hulegea, mate hutiririka, na mnyama huonekana kana kwamba amekwamwa na mfupa kooni. Mtoto mwenye huruma humtia mkono kinywani ili amsaidie. Huyo, hata asipoumwa, aoshwe mara moja kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha apelekwe hospitalini siku hiyo hiyo apate chanjo, kwani dalili zikishajitokeza kwa binadamu, karibu hakuna aponaye.